Dodo ya Masaka si dodo ya Tanga: Somo la lishe linalomfuata muuguzi hadi mpakani

Pale Mutukula, barabara ya Bukoba inapovuka kuelekea Masaka, neno dodo lina maana mbili. Kwa mama wa Uganda mwenye karai lake sokoni, dodo ni mboga ya majani, ile ambayo Watanzania huiita mchicha na Wakenya wengi huiita terere. Kwa mfanyabiashara aliyetoka Tanga au Morogoro, dodo ni embe, tena embe kubwa na tamu. Wakikosana sokoni watacheka, kisha biashara itaendelea. Wodini mambo ni mengine. Mgonjwa wa kisukari aliyeambiwa na muuguzi ale dodo kwa wingi kila jioni anaweza kwenda nyumbani akafanya kinyume kabisa cha alichoambiwa, na akafanya hivyo kwa utii.

Ndiyo maana somo la lishe na tiba ya lishe haliwezi kuisha kwenye ubao wa darasa. Katika vyuo vya uuguzi vya ukanda huu wanafunzi wengi huliona kuwa somo jepesi, la kujazia alama, likilinganishwa na elimu ya dawa au ya viungo vya mwili. Wanajua wanga, protini, mafuta, vitamini na madini tangu shule ya msingi, nini kipya? Kipya hujitokeza siku ya kwanza ya mazoezi hospitalini, mgonjwa anapouliza: basi nile nini?

Swali hilo ni la zamani kama uuguzi wenyewe. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uuguzi, alitenga sura mbili kwa ajili ya chakula cha mgonjwa. Malalamiko yake makubwa yalikuwa kwamba wagonjwa hufa njaa huku chakula kipo, kwa sababu tu hakuna anayeangalia ni saa ngapi wanaweza kula na wanaweza kumeza nini. Wakati wa vita vya Crimea, mwaka 1855, mpishi Alexis Soyer alikwenda huko kutengeneza upya majiko ya hospitali za jeshi.

Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki jiko hilo halipo wodini hata kidogo. Liko nyumbani kwa ndugu, au kwa mama lishe nje ya geti. Chakula huingia kwenye hotpoti saa ya kutazama wagonjwa. Kwa hiyo anayepaswa kufundishwa na muuguzi mara nyingi si aliyelala kitandani, bali shemeji, dada au binti aliyesimama mlangoni na kikapu. Mwanafunzi asiyejua kuzungumza na huyo anakuwa amesoma bure.

Zoezi la kwanza ni kumhoji mgonjwa alikula nini katika saa 24 zilizopita. Linaonekana la kitoto, lakini hapo ndipo mwanafunzi hugundua kwamba hajui lugha ya chakula. Mgonjwa kutoka Congo atasema alikula sombe. Mtanzania angesema kisamvu. Wa Kampala atasema posho, naye ni yule yule mla ugali. Dagaa wa Mwanza huitwa omena Kisumu, mukene Uganda na ndagala Bujumbura. Vipimo navyo vina mambo yake: kuna kisado, kuna gorogoro, kuna kibaba. Jedwali la virutubishi, kama lile la Tanzania la mwaka 2008 au la Kenya la mwaka 2018, linadai gramu. Hapa wafanyabiashara wa mpakani wana elimu ambayo wahadhiri wachache wanayo, maana wao huyajua majina yote na uzito wa kila kopo.

Jambo la pili ambalo mwanafunzi hujifunza, pengine kwa mshangao, ni kwamba hakuna chakula kizuri kwa kila mtu. Chukua dagaa hao hao. Kwa sababu huliwa na mifupa yake, wana kalsiamu nyingi pamoja na protini, na kwa mtoto anayekua au mama mjamzito ni hazina ya bei nafuu. Mpelekee mgonjwa ambaye figo zake zimechoka, na ile mifupa inageuka tatizo, kwa kuwa ina fosforasi ambayo figo hizo haziwezi tena kuitoa. Mgonjwa huyo huyo huenda akaambiwa apunguze ndizi, parachichi na nyanya kwa ajili ya potasiamu, na viazi vyake vimenywe, vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, kisha maji yamwagwe. Kwa mpishi aliyelelewa kuamini kwamba kumwaga mchuzi ni kumwaga vitamini, maelekezo hayo yanahitaji maelezo, si karatasi.

Samaki wa chumvi ni hadithi nyingine. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Mwenye presha anayekula samaki mkavu wa chumvi mchana na karanga za chumvi njiani ameshaumaliza mgawo wake kabla ya kuonja mboga ya jioni. Mwanafunzi anafundishwa kutosema acha chumvi na kuishia hapo. Aulize kwanza: samaki analowekwa? Kwa muda gani? Maji hayo yanabadilishwa?

Foleni ya malori

Wagonjwa wa mpakani wana tabu yao ya pekee, nayo ni saa. Dereva mwenye kisukari anayetumia insulini huweza kujichoma alfajiri akitarajia kupata chakula upande wa pili. Karatasi zinakwama. Foleni haisogei. Saa nne baadaye anatoka jasho jembamba, mikono inatetemeka, anazungumza ovyo, na wenzake wanasema amelewa. Hajalewa; sukari imeshuka, na hali hiyo inaweza kumuua haraka kuliko sukari iliyopanda.

Hili hufundishwa kwa hatua, na lingefaa kujulikana na kila tandiboi. Akiwa bado anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida, isiyo ile isiyo na sukari. Wasubiri dakika 15. Kama hajapata nafuu, arudie. Akishatulia ale chakula chenyewe, chapati au uji, la sivyo itashuka tena. Akiwa amezimia, asitiwe kitu chochote mdomoni, akimbizwe hospitali.

Soda hiyo hiyo, siku nyingine zote, ni adui yake. Chupa ya mililita 500 huwa na karibu gramu 50 za sukari, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linakiweka kuwa ukomo wa siku nzima kwa mtu mzima wa kawaida. Mwanafunzi anayeweza kumweleza dereva kwa nini soda ni dawa saa nne na sumu saa saba, bila kumchanganya, amefaulu somo.

Mtoto aliyevimba

Mama anayevuka mpaka kila siku na mzigo wa vitenge au mchele humwacha mtoto kwa bibi. Mtoto akiachishwa ziwa mapema na kubaki na uji mweupe mtupu, mambo hubadilika polepole. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, ndiye aliyeuandika ugonjwa huo katika majarida ya kitabibu miaka ya 1930 na kuupa jina ambalo wenyeji wa lugha ya Kiga cha Accra walikuwa nalo tayari: kwashakoo, ugonjwa wa mtoto aliyepinduliwa na mdogo wake. Hatari yake ni kwamba mtoto huvimba, na jirani husema amenenepa.

Muuguzi hufundishwa kubonyeza mguu aone kama kidole kinaacha shimo, na kuzungusha utepe wa rangi kwenye mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo chini ya milimita 115 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kisha linakuja fundisho gumu kuliko yote: mtoto huyo asishibishwe. Akilazwa huanzishiwa maziwa maalumu yenye kilokalori 75 tu kwa kila mililita 100, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Moyo na figo zake haziwezi bado kubeba sahani. Bibi anayemtilia mtoto supu kwa siri, kwa huruma, anaweza kumpoteza. Kumweleza bibi jambo hilo bila kumtia aibu ni kazi ya muuguzi wa zamu.

Kwenye unga wa uji ndipo biashara na wodi hukutana uso kwa uso. Wasafirishaji wa mahindi hawajasahau Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti ya cheti. Kwao ilikuwa habari ya malori yaliyokwama. Darasani ni habari ya ini: mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kupika hakuiondoi. Kiwango cha Afrika Mashariki cha sehemu 10 kwa bilioni ni kidogo mno kuonekana kwa macho, ndiyo maana mwanafunzi huambiwa aulize mahindi na karanga za uji wa mtoto zilikaushwa wapi, juu ya turubai au juu ya udongo, na zilikaa ghalani muda gani.

Mtihani wa vitendo wa somo hili hufanywa kando ya kitanda. Mwanafunzi akishatoa maelekezo, humwomba mgonjwa au ndugu ayarudie kwa maneno yake mwenyewe: leo jioni utampikia nini, utanunua wapi, utaweka kiasi gani? Shemeji akijibu kwamba atanunua dodo, mwanafunzi aliyefundishwa vizuri haandiki bado. Anauliza ni ipi.