Paa Linaloishi kwa Moshi

Gari likiacha joto la Same na kuanza kupanda kona za kwenda Mbaga, abiria hutafuta masweta. Huko juu, katika Upare Kusini, ipo nyumba aliyoishi Jakob Dannholz, mmisionari wa Leipzig, enzi za Wajerumani. Leo wageni hulala hapo. Panaitwa Tona Lodge. Nyumba hiyo inastahili kupigwa picha, lakini ili tuielewe, tuanze na iliyoitangulia: msonge.

Katika msonge, paa ndilo nyumba. Fito hukitwa ardhini kwa duara, hupindwa, hukutanishwa juu na kufungwa kwa kamba za magome. Nyasi hupangwa kuanzia chini, tabaka juu ya tabaka hadi kileleni, ili kila tabaka limwage maji juu ya lililo chini yake. Mteremko lazima uwe mkali, kwani maji yakikawia, nyasi huyanywa. Hiyo ni kazi ya msaragambo, yaani ya wanakijiji kwa pamoja, maana nyasi zilizokwisha kukatwa haziwezi kungojea masika.

Kinachoitunza nyumba hiyo ni mafiga matatu ndani yake. Dohani hakuna; moshi hujipenyeza kwenye nyasi, huzikausha, hufukuza wadudu na kuacha masizi. Ukigusa nyasi kwa ndani, kidole kinatoka cheusi, kinang'aa kama kimechovywa lami. Naona ni kosa kubwa kuyaita masizi hayo uchafu, kwa sababu ndiyo dawa ya paa. Moto ukizimwa msimu mzima, nyasi huanza kuoza.

Uingereza, zama za wafalme walioitwa George, 1714 hadi 1830, wenye mashamba walijenga kwa fikra nyingine kabisa. Kwao uso ndio nyumba: mlango katikati, madirisha sawa kushoto na kulia, na pengine dirisha la bandia ukutani ili hesabu itimie. Msonge hauna uso. Una mlango tu, mfupi, wa kuinamia.

Wamisionari walileta milimani pembe nne, baraza na bati. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ila mzigo ulioshushwa njiani kwa ajili ya Upare bado ulikuwa na mlima wa kupanda. Na bati halipitishi moshi, kwa hiyo jiko likatolewa nje.

Zunguka leo nyuma ya nyumba ya bati kijijini. Mara nyingi utakuta kibanda cha jiko, mafiga matatu, mlango wa kuinamia, na alfajiri moshi ukivuja paani.