Vumbi la rangi ya gari linavyomfuata baba hadi nyumbani

Saa 12 jioni fundi rangi anafika nyumbani. Nywele na kope zimekuwa nyeupe kama za mtu aliyetoka mashine ya kusaga unga. Kabla hajavua viatu, mtoto wa miaka miwili amekwishamkimbilia na kumng'ang'ania mguu. Baba anambeba. Mtoto analaza uso begani, juu ya ovaroli ileile iliyoshinda gereji, kisha anatia vidole mdomoni.

Katika nyumba nyingi hakuna anayeona tatizo hapo. Ovaroli itavuliwa baadaye, itakung'utwa mlangoni, halafu itaingia kwenye beseni moja na nguo za familia nzima. Lile vumbi huchukuliwa kuwa uchafu wa kazi tu, kama tope la mkulima.

Sivyo lilivyo. Vumbi la kupiga msasa ni rangi ya zamani, puti, praima na kutu, vyote vikiwa vimesagwa laini. Ndani yake kunaweza kuwa na madini ya risasi na kromiamu, na mtoto anayetambaa ana njia nyingi za kulimeza kuliko baba yake.

Gari hufika kwa fundi rangi kwa sababu mbili kubwa: ajali na hali ya hewa. Ajali haipangwi. Uharibifu wa hali ya hewa unaweza kucheleweshwa kwa miaka, na hapo ndipo habari hii inamgusa hata mzazi asiyejua gereji iko wapi. Rangi iliyotunzwa haihitaji msasa, na pasipo msasa hakuna vumbi.

Jua, chumvi na kunguru

Rangi ya gari la kisasa ni nyembamba ajabu. Ukijumlisha praima, rangi yenyewe na ile klia inayong'aa juu, unene wote ni kama wa karatasi moja au moja na nusu ya kuchapishia. Klia ndiyo mwavuli. Mionzi ya urujuanimno ya jua huvunja kidogo kidogo gundi inayoshikilia rangi. Kwanza mng'ao hupotea, kisha boneti na paa huonekana kama vimepakwa majivu, halafu klia huanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Boneti na paa hutangulia kwa sababu ndivyo vinavyotazama juu, na katika nchi zilizo karibu na Ikweta jua la mchana husimama karibu utosini mwaka mzima.

Kwa wanaoishi Tanga, Dar es Salaam, Mombasa au Unguja kuna chumvi ya upepo wa bahari. Yenyewe hutafuta mkwaruzo. Ikipenya hadi kwenye bati huharakisha kutu, nayo kutu hutambaa chini ya rangi na kuinua malengelenge. Ukishayaona malengelenge hayo, kuosha hakusaidii tena. Hiyo ni kazi ya fundi.

Halafu kuna kunguru. Ndege huyu wa asili ya India aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, akasambaa pwani nzima, na leo hakuna anayeegesha gari chini ya mkungu bila kukuta ametiwa muhuri. Kinyesi cha ndege kina tindikali. Mchana klia hupata joto, hutanuka na kulainika. Jioni hupoa na kusinyaa ikiwa imeshikana na kinyesi kilichokauka, na alama hubaki hata baada ya kuosha. Dawa yake ni kukiondoa siku hiyohiyo. Weka kitambaa kilicholowa juu yake kwa dakika kama kumi, kilainike, kisha ukiinue bila kusugua. Kukibandua kwa kucha ni kuongeza mkwaruzo juu ya tindikali.

Kuosha nako kuna namna yake. Vumbi jekundu la barabarani ni msasa tayari, kwa hiyo kulifuta kikavu kwa tambara ndiyo njia ya haraka kabisa ya kuua klia. Maji mengi kwanza, kutoka juu kwenda chini, gari likiwa kivulini na bati likiwa limepoa. Ndoo mbili ni bora kuliko moja: ya sabuni, na ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye sabuni. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa nta inayoilinda rangi, hivyo itumike shampuu ya gari. Aliyetoka matembezini ufukweni amwagie maji hata chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu, mahali ambapo chumvi hujificha na mwosha magari wa haraka hafiki. Nta ya gari ikipakwa kila baada ya miezi miwili au mitatu, kinyesi na utomvu wa mwembe havitashika kwa urahisi. Kava nayo inafaa, ila ikivishwa gari lenye vumbi, upepo wa usiku utaisugua hadi asubuhi.

Wapo wanaofuta gari kwa dizeli au mafuta ya taa ili ling'ae. Linang'aa kweli, kwa siku moja. Baadaye mafuta hayo hunasa vumbi, na aliyefuta amevuta harufu yake na kubaki nayo mikononi.

Kilichomo ndani ya vumbi

Madini ya risasi hayakuingia kwenye rangi kwa bahati mbaya. Yaliwekwa kwa makusudi, kwa kuwa yanafanya kazi vizuri. Kromati ya risasi hutoa njano, chungwa na wekundu mkali unaostahimili jua, na oksidi nyekundu ya risasi ilitumika kwa muda mrefu kuzuia kutu kwenye vyuma na meli. Ile njano maarufu ya mabasi ya shule ya Marekani, iliyochaguliwa mwaka 1939 ili watoto waonekane kwa mbali, awali ilitengenezwa kwa kromati ya risasi. Nchi nyingi zilipoanza kuidhibiti risasi zilianza na rangi za nyumba na vitu vya watoto. Rangi za viwandani na za mitambo zikachelewa. Fundi anayekwangua basi au lori la zamani hawezi kujua kwa macho kama tabaka la tatu chini ya msasa wake lina risasi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo anaweza kufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, tena katika umri ambao ubongo wake bado unajengwa. Anayepata kiasi kidogo kidogo kila jioni haanguki wala hapati homa. Huenda akachelewa kuongea, akawa mgumu kufuata masomo, akawa na upungufu wa damu au tumbo linalouma mara kwa mara, na wazazi wakadhani ni minyoo au utundu. Kipimo cha damu pekee ndicho kinachoweza kutofautisha. Kwa mwongozo wa WHO wa mwaka 2021, damu ikiwa na mikrogramu 5 au zaidi za risasi kwa kila desilita, chanzo chake kitafutwe na kuondolewa.

Pwani ya Afrika Mashariki inalo funzo lake chungu la madini hayo, ingawa halikutokana na rangi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na kiwanda kilichoyeyusha betri za magari, na mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Hatari nyingine haionekani kabisa. Rangi nyingi za gari za leo huchanganywa na kimiminika cha chupa ya pili ili zikauke ngumu na kustahimili jua. Kimiminika hicho huwa na kemikali ziitwazo isosaineti. Zikipulizwa kwa kompresa hubaki hewani kama ukungu mwembamba hata baada ya bunduki ya rangi kuzimwa, na zinaweza kumsababishia mtu pumu ambayo baadaye huamshwa na kiasi kidogo tu. Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza inakadiria kuwa wapulizaji wa rangi za magari wana uwezekano wa kupata pumu takriban mara 80 kuliko wafanyakazi wengine wa nchi hiyo. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote hapo. Mpulizaji anahitaji kifaa kinachomletea hewa safi kutoka nje ya eneo la kazi. Gereji iliyo wazi, iliyopakana na ukuta wa shule ya awali, inapuliza ukungu huo kwa watoto ambao hawakuomba kazi.

Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya WHO, umeiorodhesha kazi ya upakaji rangi miongoni mwa zinazosababisha saratani kwa binadamu tangu mwaka 1989.

Kwenye boti na kwenye ndege

Wenye vyombo vya baharini walikuwa na njia zao. Jahazi lilipakwa sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, kwenye mbao za juu, na chini ya maji likapakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ili kuwazuia wadudu wanaotoboa mbao. Harufu yake mtu haisahau, lakini mtoto aliyecheza chini ya jahazi alirudi nyumbani akinuka tu.

Boti za faiba na meli za chuma hupakwa rangi ya sumu upande wa chini ili viumbe wa baharini wasijishikize. Kwa miaka mingi sumu hiyo ilikuwa tributilitini, hadi ilipobainika kuwa inawafanya konokono wa baharini wa kike kuota viungo vya kiume. Mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2008. Siku hizi nyingi hutumia shaba na viuatilifu vingine. Si kali kama ile ya zamani, lakini bado ni sumu iliyotengenezwa iue. Boti inapopandishwa mchangani maji yakipwa na kuanza kukwanguliwa, watoto wahamishwe. Ule unga wa bluu au mwekundu unaobaki mchangani si wa kuchezea.

Ndege haziko mbali na hayo. Chini ya rangi nyeupe ya ndege nyingi kuna praima yenye kromati, iliyowekwa kuzuia alumini isilike, na kromiamu ya aina hiyo inajulikana kusababisha saratani. Mzazi anayekwangua rangi hangani ana sababu ileile ya kubadili nguo kabla ya kupanda daladala.

Mlangoni

Kwa familia ya fundi, hatua ya kwanza haina gharama: nguo za kazi zibaki kazini, kwenye mfuko uliofungwa. Zikilazimika kuja nyumbani zisikung'utwe. Zilowekwe na kufuliwa peke yake, katika beseni lisilotumika kwa nguo za mtoto. Fundi aoge kichwa na mwili kabla ya kumbeba mtoto, na kama hakuna maji ya kuoga gereji, angalau anawe mikono, uso na nywele. Asile huku mikono ina vumbi. Sakafu ya nyumba ipigwe deki kwa tambara bichi, kwa sababu ufagio mkavu hulirusha vumbi hewani lirudi kutua kwenye mkeka.

Msasa wa maji hupunguza sana vumbi kuliko msasa mkavu, na mafundi wengi wanaujua. Wengine huukwepa kwa haraka ya mteja. Mwenye gari anaweza kuuomba, na akakubali kusubiri siku moja zaidi.

Chakula nacho kina nafasi. Mtoto mwenye upungufu wa madini chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi, hivyo maharage, dagaa, maziwa na mboga za majani ni msaada, ingawa si kinga. Mzazi anayefanya kazi hii amweleze daktari kazi yake anapompeleka mtoto kliniki. Ni nadra mtu kuulizwa, na bila kujua hilo daktari hana sababu ya kuagiza kipimo cha risasi.

Kisha kuna thina. Inapimwa kwenye chupa ya soda, inabaki nusu, inaletwa nyumbani kwa kazi ya Jumapili na kuwekwa dirishani. Mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Akiinywa thina, petroli au mafuta ya taa, asitapishwe hata kidogo, kwa kuwa yakipanda yanaweza kuingia kwenye mapafu. Huko ndiko yanakoua. Asilazimishwe kunywa maziwa wala mafuta ya kula. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe ngozi, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe, hata kama anaonekana mzima, kwa sababu kukohoa na kupumua kwa shida kunaweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Na yale maji ya msasa, yenye rangi ya uji wa ulezi, yasimwagwe kwenye bustani ya mchicha nyuma ya nyumba. Yaachwe kwenye ndoo hadi asubuhi, tope litulie chini, kisha tope hilo lifungwe kwenye mfuko na kutupwa mahali ambapo kuku na watoto hawafiki.