Rangi Inayong'aa na Kimelea cha Ndorobo

Mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi kati ya Tabora na Bagamoyo ulikuwa frasila mbili hivi, zaidi ya kilo 30, na aliubeba begani njia nzima. Wapo waliojaribu kumpunguzia. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society aliwapitisha maksai kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akarudi na matumaini tele. Mwaka uliofuata, magari ya kukokotwa yalipoingia njiani kwa dhati, maksai walikufa. Punda wa misafara nao hawakudumu. Reli haikufika Tabora hadi mwaka 1912.

Muuaji mkubwa alikuwa tripanosoma, kimelea cha damu kinachoenezwa na ndorobo, ambacho David Bruce alikitambua huko Zululand katikati ya miaka ya 1890. Kwa ng'ombe huleta nagana. Kwa binadamu huleta malale, ugonjwa ambao watu wa Urambo na Kaliua hawahitaji kuelezwa. Dawa mojawapo ya nagana ni rangi, na kila anayefanya kazi na vinasaba anaifahamu kwa jina jingine.

Watkins na Woolfe wa kampuni ya Boots, Uingereza, waliitangaza mwaka 1952. Madaktari wa mifugo huiita homidiamu; maabara huiita ethidiamu bromaidi. Ni unga wa zambarau iliyokolea, huyeyushwa kwa maji ya moto, na ng'ombe huchomwa msulini miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake. Ng'ombe wa kilo 250 hupata miligramu 250. Maabara, kiasi hicho kingetosha lita 500 za myeyusho wa kuoneshea DNA, na anayeushika huvaa glavu, kwa kuwa rangi hii inahofiwa kubadili vinasaba. Tahadhari hiyo ni ya haki, na anayechoma sindano porini anastahili glavu hizo hizo.

Kung'aa na kuua kunatokana na tendo moja. Rangi ya aina hii humeza mwanga, hupoteza sehemu ndogo ya nguvu yake, kisha huutoa uliobaki kama mwanga wa mawimbi marefu zaidi. Ethidiamu ikiwa majini, maji huinyang'anya nguvu hiyo, ikafifia. Ikijipenyeza katikati ya tabaka za DNA hujificha dhidi ya maji, na mng'ao wake wa rangi ya machungwa huongezeka mara 20 hivi. Tripanosoma, mbali na kiini chake, ana fungu jingine la DNA lenye maelfu ya pete ndogo zilizoshikana kama mkufu. Rangi ikiingia humo, pete hushindwa kunakiliwa, na kimelea hufa.

Anayetafiti protini anahitaji kinyume chake: rangi isiyovuruga kitu, na inayoonekana hata palipo na damu. Washa tochi gizani, uibane kwa kiganja. Mwanga unaopenya ni mwekundu tu, kwa sababu hemoglobini humeza kijani na buluu. Ukivuka wekundu, kati ya nanomita 650 na 900, damu na nyama humeza mwanga mchache zaidi, na zenyewe hazing'ai sana. Hapo ndipo zinapofanya kazi rangi za infraredi ya karibu. Mojawapo, indosayanini ya kijani, iliruhusiwa kwa wagonjwa nchini Marekani mwaka 1959. Jicho halioni mng'ao wake. Kamera maalumu huuona.

Kuifunga rangi kwenye protini ni kazi ya mkono mtulivu. Rangi hutengenezwa ikiwa na kishikio cha kikemikali kinachonasa lisini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Myeyusho huwekwa kwenye pH ya 8.3 hivi, chupa hufunikwa kwa karatasi ya alumini isipigwe na mwanga, na rangi iliyobaki huru huchujwa. Pupa huharibu hapa. Ukibandika rangi nyingi mno juu ya kingamwili moja, yaani protini ya kinga ya mwili, molekuli za rangi huzimana zenyewe kwa kukaribiana, na kingamwili inaweza kupoteza uwezo wa kushika inachotakiwa kushika. Mimi ningechagua picha hafifu yenye ukweli kuliko picha kali ya kingamwili iliyolemaa.

Tripanosoma amefundisha mengi kwa njia hii ya kupaka protini rangi. Mwili wake umevikwa koti la protini ya aina moja, nakala milioni 10 hivi, na katika kila kizazi wachache hubadili koti. Mwaka 2007 Markus Engstler na wenzake nchini Ujerumani walifuatilia kingamwili zilizonasa kwenye koti hilo. Kimelea huogelea bila kupumzika, na mkondo anaouzua huzisukuma kingamwili hadi nyuma ya mwili wake, kwenye kijimfuko ambako humezwa na kusagwa. Kingamwili zikiwa chache, kimelea hujisafisha ndani ya dakika. Zikiwa nyingi hulemewa, lakini kufikia hapo wenzake waliobadili koti wameshaanza kuongezeka katika damu ya ng'ombe yule yule, na kingamwili zilizopo haziwatambui.