Ada ya Michezo ya Zamani: Nani Inamfaa, Nani Inamla?
(Makala ya mfululizo: sehemu ya pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi michezo ya video ya miaka ya 1980 na 1990 ilivyotoka kwenye kaseti za plastiki ikaingia kwenye maduka ya mtandaoni. Leo tunalikabili swali la mfukoni: je, kulipa ada kila mwaka ili kuicheza michezo hiyo ni matumizi mazuri ya fedha?

Nitatoa jibu mapema, kisha nilitetee. Ada inamfaa mtu anayetaka kuonja michezo mingi kwa muda mfupi, na inaifaa zaidi nyumba yenye wachezaji kadhaa. Anayependa michezo miwili mitatu na kuirudia miaka nenda miaka rudi, ada itamla. Na kwa jamii inayotaka kazi hizi ziwafikie wajukuu, ada peke yake haitoshi hata kidogo.

Tuichukue Nintendo, kampuni ya Kyoto nchini Japani, kama mfano wetu. Mwaka 2006, ilipotoa mashine ya Wii, Nintendo iliiuza michezo yake ya zamani mmoja mmoja. Nchini Marekani, mchezo wa mashine yake ya kale ya NES uligharimu takriban dola 5, wa Super NES dola 8, na wa Nintendo 64 dola 10. Ulipokuja wakati wa mashine ya Switch, utaratibu huo uliachwa. Septemba 2018 ilianza huduma ya Nintendo Switch Online kwa dola 20 kwa mwaka, ikiwa na michezo 20 ya NES. Michezo ya Super NES ikaongezwa mwaka 2019. Oktoba 2021 likaja daraja la juu la dola 50 kwa mwaka, lenye michezo ya Nintendo 64 na ya Sega Mega Drive. Michezo ya Game Boy ilifuata Februari 2023, na ile ya GameCube Juni 2025 kwa wenye Switch 2.

Mali bila daftari hupotea bila habari, basi tufungue daftari. Aliyelipa dola 50 kwa miaka mitano ametoa dola 250. Kwa bei za Wii, fedha hizo zingenunua michezo 25 ya Nintendo 64. Jiulize: ni michezo mingapi ya zamani uliyoicheza kweli, ukaimaliza au ukairudia, ndani ya miaka mitano? Wengi tukihesabu kwa uaminifu hatufiki 25, wala hatufiki 10.

Hata hivyo daftari lina upande wa pili, na haki inataka tuusome pia. Ada ya dola 20 hailipii michezo ya zamani pekee: ndiyo inayomruhusu mtu kushindana na wenzake mtandaoni katika michezo mingi mipya, na kuhifadhi maendeleo yake kwenye seva. Anayeilipa kwa sababu hizo amepata ya zamani kama nyongeza. Pia kuna ada ya familia, dola 35 kwa mwaka kwa akaunti hadi nane. Akaunti zote nane zikitumika, kila mmoja amechangia chini ya dola 5. Kwa nyumba ya namna hiyo sioni sababu ya kusita.

Je, gharama inatoka wapi? Haitoki kwenye ukubwa wa michezo yenyewe. Super Mario Bros. wa mwaka 1985 una takriban kilobaiti 40, pungufu sana ya picha moja ya simu. Nao huchezeka kwa msaada wa programu iitwayo emuleta, ambayo huiga chipu za mashine ya kale amri kwa amri. Kwa mashine ya leo, kuiiga NES ni kazi nyepesi. Nintendo 64 ni ngumu zaidi: daraja la juu lilipozinduliwa mwaka 2021, wachezaji waliona ukungu umetoweka katika chumba kimoja mashuhuri cha The Legend of Zelda: Ocarina of Time, na kasoro hiyo ilirekebishwa baadaye. Anayelipa ada analipia ufundi huo, pamoja na mambo ambayo kaseti haikuwa nayo: kuhifadhi mchezo popote ulipofika, kuurudisha nyuma ukikosea, na kucheza na rafiki aliye mji mwingine.

Mzigo mzito zaidi ni hakimiliki. GoldenEye 007, mchezo wa mwaka 1997 unaotokana na filamu ya James Bond, ulikaa miaka mingi bila kuuzwa upya kwa sababu haki zake ziligawanyika. Nintendo ndiyo iliyouchapisha, studio ya Rare iliyoutengeneza ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2002, na filamu za James Bond zina wenyewe. Ulirudi Januari 2023, na kwenye Switch ulipatikana kwa njia ya ada. Hapo naikubali huduma hii bila kinyongo: ilirudisha kwa njia halali kazi iliyokuwa imefungiwa.

Lakini nguo ya kuazima haisitiri matako. Ukiacha kulipa, mlango unafungwa siku hiyo hiyo muda wako unapokwisha, hata kama umelipa miaka kumi. Ukiwa mbali na intaneti, huduma ilipoanza uliruhusiwa siku saba tu kabla ya kutakiwa kuthibitisha tena. Na hata anayelipa hana hakika: Machi 2025, mchezo wa soka wa Super Formation Soccer uliondolewa katika huduma hiyo nchini Japani.

Kununua mtandaoni nako kuna hatari zake. Duka la Wii lilifungwa Januari 2019, na maduka ya Nintendo 3DS na Wii U yakaacha kuuza Machi 2023. Ndiyo maana jimbo la California limetunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomtaka muuzaji amweleze mnunuzi waziwazi pale anapompa leseni tu, si umiliki. Njia yenye usalama zaidi kwa michezo ya kompyuta ni duka kama GOG, lililoanzishwa Poland mwaka 2008, ambalo humwachia mnunuzi faili asiloweza kufungiwa. Nakala ukiitunza, unayo.

Msomaji wa Mombasa, Mwanza au Bujumbura apime pia bando. Sony, katika daraja la juu la huduma yake ya ada ya PlayStation Plus, hutoa michezo ya PlayStation 3 kwa kutiririsha tu: mchezo unaendeshwa kwenye seva ya mbali nawe unaletewa picha. Kasi ya chini inayotakiwa ni megabiti 5 kwa sekunde, ambayo kwa saa moja ni zaidi ya gigabaiti 2. Saa kumi za mchezo mmoja zinaweza kumaliza bando ghali kuliko mchezo wenyewe. Ada ya kupakua mara moja ni nafuu kuliko ada ya kutiririsha kila siku.

Jambo linaloniuma zaidi ni urithi. Utafiti wa shirika la Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena sokoni. Ada zote za kampuni zote zinagusa sehemu ndogo iliyobaki, na kampuni huchagua kile kinachouzika. Wahifadhi waliomba maktaba ziruhusiwe kuwafungulia watafiti michezo hiyo kwa mbali. Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa. Naamini uamuzi huo ni kosa. Vitabu visivyochapwa tena tunavikuta maktabani, na michezo inastahili heshima hiyo hiyo.

Ushauri wangu basi ni huu. Lipa mwaka mmoja, ucheze kwa bidii, uandike kila mchezo ulioumaliza au kuurudia. Mwaka ukiisha, hesabu. Ikiwa ni michache na inauzwa, inunue na usitishe ada. Ikiwa ni mingi, au watoto na ndugu wanashiriki, endelea. Zima malipo ya kujirudia yenyewe, ili kila mwaka uamue upya ukiwa na daftari mkononi.

Juma lijalo, katika sehemu ya tatu, tutaeleza maktaba na makumbusho yanavyoihifadhi michezo ya video, na sheria ipi inaweza kuyafungulia njia.