Gitaa la Kigango: Kulipiga, Kulielewa na Kulitunza



Wapendwa wasomaji, kabla ya kueleza lolote kuhusu gitaa, inatubidi tuanze na kosa letu wenyewe.

Sisi mafrateri wa falsafa tunaokwenda utume katika kigango kimoja cha jirani tulikabidhiwa gitaa ambalo waamini walilinunua kwa michango ya jumuiya zao. Kigango hakina umeme, kwa hiyo kinanda cha umeme hakina nafasi pale. Gitaa hilo ndilo lililosaidia kwaya ya vijana isipotee sauti katikati ya wimbo. Lilikuwa na nyuzi za nailoni. Nyuzi mbili zilipokatika, tulikwenda mjini tukanunua seti mpya ya nyuzi za chuma. Tulizifunga, tukazikaza, na tukafurahia mlio wake mkali. Jumamosi iliyofuata, katikati ya mazoezi, tulisikia mlio kama wa tawi linalovunjika. Daraja, yaani kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi juu ya tumbo la gitaa, lilikuwa limeng'oka na kubandua ubao.

Tulidhani uzi ni uzi tu. Makala hii inaeleza kile ambacho tungepaswa kukijua kabla ya kulishika gitaa la watu.

Gitaa ni mbao zilizobeba mzigo

Mwaka 1636, Marin Mersenne, mtawa wa Shirika la Waminimi huko Ufaransa, ambaye wanafalsafa tunamfahamu kama rafiki wa Descartes, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu muziki. Humo alieleza kwamba sauti ya uzi hutegemea mambo matatu: urefu wake, uzito wake na jinsi ulivyokazwa. Uzi mfupi hutoa sauti ya juu. Uzi mzito hutoa sauti ya chini. Uzi uliokazwa sana hutoa sauti ya juu. Ukifupisha uzi ukabaki nusu, utapata do ya juu mahali pa do ya chini. Lakini ukitaka kufika huko kwa kukaza tu, bila kufupisha, lazima uukaze mara nne.

Hapo ndipo penye jibu la kosa letu. Uzi wa chuma, ingawa ni mwembamba, ni mzito kuliko wa nailoni kwa urefu uleule. Ili utoe sauti ileile, lazima uvutwe kwa nguvu zaidi. Nyuzi sita za nailoni zikishakazwa sawasawa huvuta gitaa kwa nguvu ya takriban kilo 40, yaani chini kidogo ya mfuko wa saruji. Nyuzi za chuma za kawaida huvuta kwa takriban kilo 70, karibu mfuko mmoja na nusu. Mzigo huo haupumziki usiku wala mchana, hata gitaa likiwa limelala kabatini.

Gitaa la nyuzi za chuma limetengenezwa kwa mzigo huo: ndani ya tumbo lake kuna mbao imara za kulishikilia, na ndani ya shingo mara nyingi kuna fimbo ya chuma. Gitaa la nailoni lina ubao mwepesi na vishikizo vyembamba, ili nyuzi laini ziweze kuutikisa. Huo si udhaifu. Ndivyo lilivyo, na linafanya kazi kadiri lilivyo. Darasani tunafundishwa kwamba tendo hufuata umbile la kitu. Tulilijibu swali hilo vizuri kwenye mtihani, kisha tukalisahau tulipokuwa dukani.

Kuyatofautisha si kazi. Gitaa la nailoni huwa na shingo pana, kichwa chenye matundu mawili marefu, na nyuzi hufungwa kwa fundo kwenye daraja. Gitaa la chuma huwa na shingo nyembamba, na kwa kawaida nyuzi hubanwa darajani kwa vijiti vidogo sita. Ukiwa na shaka, weka nailoni. Nailoni kwenye gitaa la chuma itatoa sauti hafifu tu, lakini chuma kwenye gitaa la nailoni ni hasara.

Kutuni kabla ya kupiga

Nyuzi huhesabiwa kutoka chini, ule mwembamba ukiwa wa kwanza na ule mnene wa sita. Kuanzia wa sita hadi wa kwanza, sauti zake ni E, A, D, G, B na E. Pata sauti ya uzi wa sita kutoka kwenye kinanda au programu ya simu. Kisha bonyeza uzi huo kwenye freti ya tano: hiyo ndiyo sauti ya uzi wa tano ukiwa wazi. Wa tano ukiubonyeza kwenye freti ya tano unakupa wa nne, na wa nne unakupa wa tatu kwa namna hiyohiyo. Kuanzia wa tatu kwenda wa pili, tumia freti ya nne. Kisha rudi kwenye freti ya tano kupata wa kwanza.

Usikate tamaa kama nyuzi mpya za nailoni zitalegea kila baada ya wimbo mmoja. Kwa siku kadhaa za mwanzo zinaendelea kunyooka. Tuni tena, kisha tuni tena.

Kordi tatu na subira

Wengi wetu tulikulia kwenye kwaya, tunajua solfa. Hiyo ni hazina. Kordi ni sauti tatu zinazopatana: do-mi-so, fa-la-do, na so-ti-re. Ukiiweka do kwenye G, kordi hizo ni G, C na D. Kwa hizo tatu unaweza kusindikiza nyimbo nyingi tunazoziimba vigangoni.

Bonyeza uzi nyuma tu ya freti, si juu yake. Sauti itakuwa safi na kidole hakitatumia nguvu nyingi. Kucha za mkono unaobonyeza ziwe fupi. Wiki za mwanzo ncha za vidole zitauma, kisha ngozi itakomaa. Dakika kumi na tano kila siku zinafaa kuliko saa tatu za Jumapili moja. Fanya mazoezi ya kuhama kutoka kordi moja hadi nyingine polepole, ukihesabu kwa mguu, kwa sababu wanaoanza hukwama zaidi katika kuhama kuliko katika kushika.

Wala usiseme vidole vyako ni vichache. Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 na ambaye aliimba pia kwa Kiswahili, alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu. Wanaojifunza gitaa hadi leo wanahangaika kumfuata.

Kulitunza

Mbao hunywa unyevu wa hewa. Wakati wa masika huvimba, wakati wa kiangazi husinyaa na inaweza kupasuka. Kwa hiyo gitaa likae ndani ya mfuko wake, mbali na ukuta wenye unyevunyevu, mbali na jiko na mbali na dirisha lenye jua. Usiliache ndani ya gari lililofungwa juani: gundi hulainika, na mzigo wa nyuzi haungojei. Usilipake mafuta ya kula wala ya mwili ili ling'ae. Kitambaa kikavu kinatosha, hasa kufuta jasho kwenye nyuzi baada ya kupiga. Nawa mikono kabla ya kulishika. Nyuzi zikichakaa, nunua seti nzima, na zibadilishe mmoja baada ya mwingine.

Mahali pake katika ibada

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 120, unaipa kinanda cha filimbi heshima ya pekee katika Kanisa la Kilatini. Unaruhusu pia vyombo vingine kwa idhini ya mamlaka husika, mradi vinafaa kwa matumizi matakatifu, vinalingana na hadhi ya hekalu na vinawajenga waamini kweli. Wakati wa Kwaresima, vyombo hupigwa kwa ajili ya kusaidia uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya Laetare, sherehe na sikukuu. Mpiga gitaa anayejua hayo hatajionesha. Watu wakiimba vizuri kwa sababu yake, kazi yake imekwisha.

Tuliyoambiwa kigangoni

Tulipomweleza katekista yaliyotokea, alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mafrateri, gitaa si langu wala si lenu. Waambieni wenyewe." Kwa hiyo Jumapili, baada ya ibada, tulisimama mbele ya waamini tukasema tulichofanya, na kwamba tulifanya bila kuuliza. Haikuwa rahisi. Kuna akina mama pale waliotoa mchango ule kutokana na mauzo ya ndizi.

Mama mmoja, mwenyekiti wa jumuiya, akasimama. Hakutulaumu wala kutusifu. Aliuliza: "Sasa hayo mliyojifunza, hapa kigangoni nani mwingine anayajua?" Hakuna aliyeyajua. Nasi mwakani huenda tukapangiwa utume mahali pengine.

Fundi seremala alikwangua gundi ya zamani, akapaka mpya, akalibana daraja na kuliacha hivyo usiku na mchana kabla ya nyuzi kurudishwa. Nyuzi za nailoni tulizinunua kwa fedha zetu za matumizi. Kovu linaonekana wazi mbele ya gitaa, na sauti imepungua kidogo. Jumamosi ile gitaa lilipong'oka vijana waliendelea na mazoezi bila chombo, wakapanda sauti, wakashuka, lakini walimaliza wimbo. Sasa watatu kati yao, wasichana wawili na mvulana mmoja, wanajifunza nasi kila Jumamosi. Somo lao la kwanza halikuwa kordi. Tuliwapa seti mbili za nyuzi, tukawaambia wazipime mkononi na kutueleza ipi ni ya gitaa lao, na kwa nini.

Ewe msomaji, kama parokiani au kigangoni kwenu kuna gitaa, lifungue leo ulitazame: nyuzi zake ni za aina gani, daraja limeanza kunyanyuka, limewekwa wapi? Kama wewe ndiye pekee unayejua kulitunza, mtafute kijana mmoja umfundishe.

Tuzidi kuombeana.