Kukunja karatasi hutuliza akili, ila tuanze na yaliyo mepesi

Sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi, origami, husifiwa mno kuwa hutuliza akili, lakini wanaoisifu ni nadra kueleza inavyofanya hivyo. Karatasi yenyewe haina dawa. Kinachotuliza ni namna ya kazi: hatua fupi zinazofuatana, zinazotaka macho na mikono yote miwili vishughulike kwa wakati mmoja. Anayeangalia kama kona mbili zimekutana sawasawa hubakiwa na nafasi ndogo ya kuwazia deni au mtihani. Utulivu huo, hata hivyo, hupatikana pale tu ugumu unapolingana na uwezo wa mkunjaji. Ndiyo maana familia inayoanza inapaswa kuchagua maumbo mepesi na kuyaacha ya kuvutia macho kwa baadaye.

Je, kuna ushahidi? Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel nchini Marekani, wakiongozwa na Girija Kaimal, walitoa matokeo ya watu wazima 39 waliochora, kufinyanga na kubandika karatasi kwa dakika 45. Takriban asilimia 75 yao walishuka kiwango cha kotisoli, homoni ya msongo, na hakukuwa na tofauti kati ya wazoefu wa sanaa na wageni. Mkosoaji atasema hapakuwa na kundi la kulinganisha, kotisoli hushuka yenyewe kadiri siku inavyosonga, na watu hao hawakukunja origami. Ana haki. Kwa sababu hiyo origami isiitwe tiba, na mwenye sonona amwone daktari. Ushahidi wenye nguvu zaidi unahusu faida nyingine: uwezo wa kuona maumbo akilini. Mwaka 2013, mtafiti David Uttal na wenzake walichambua tafiti 217 na kuonyesha kwamba uwezo huo hukua kwa mazoezi. Mojawapo ya majaribio yanayotumiwa kuupima humwonyesha mtu picha ya karatasi iliyokunjwa na kutobolewa, kisha humtaka ataje matundu yatakaa wapi ikikunjuliwa. Mkunjaji wa origami hufanya zoezi la aina hiyo kila anapokunja.

Wapo wanaoiona origami kuwa mchezo wa watoto tu. Ni kweli kwamba Friedrich Fröbel, aliyeanzisha taasisi ya malezi ya watoto wadogo mjini Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, aliiweka kazi ya kukunja karatasi miongoni mwa shughuli zake. Lakini mkunjo uliobuniwa na Mjapani Koryo Miura ulitumika mwaka 1995 kufungasha paneli ya jua kwenye chombo cha anga cha Kijapani, Space Flyer Unit. Pingamizi zito zaidi ni kwamba origami humkasirisha mwenye vidole vizito. Mwingereza John Smith alilijibu kwa kubuni mtindo wa Pureland, unaoruhusu mkunjo mmoja tu kwa wakati, ama wa bonde (kuelekea kwako) ama wa mlima (kuelekea nyuma).

Gharama nayo isiwe kikwazo. Chukua karatasi ya A4, laza upande mfupi juu ya upande mrefu, kisha kata kipande cha milimita 87 kinachobaki: umepata mraba. Kurasa za daftari lililotumika na kalenda za mwaka jana zinafaa vilevile. Anzeni na kikombe au mashua, juu ya meza ngumu, mkipitisha ukucha kwenye kila mkunjo. Mzazi akae ubavuni mwa mtoto, asimkabili, ili kulia kwa mmoja kuwe kulia kwa mwingine. Mtoto akikosea, asinyang'anywe karatasi; aikunjue na kurudia mwenyewe, kwa kuwa kurekebisha kosa dogo bila kukemewa ni sehemu ya utulivu unaotafutwa. Korongo mashuhuri wa karatasi wa Kijapani atasubiri mpaka mikunjo ya msingi iwe imezoeleka. Familia inayokunja kikombe kile kile mara kadhaa bila haraka imeshapata utulivu iliyoufuata.