Kisu cha Bei Ndogo Kinakula Feza Nyingi



Leo ukurasa huu hauzungumzi juu ya kofia ya kazi wala viatu vya usalama. Tunaingia jikoni. Kule kuna chombo kimoja ambacho kila nyumba inacho na kila siku kinatumika, lakini ni watu wachache wanaojua namna ya kukinunua. Chombo hicho ni kisu.

Angalieni mambo ya Kilwa asubuhi, wakati mitumbwi inarudi kutoka Ziwa Moero. Samaki ni wengi, jua linapanda, na gari la kwenda Lubumbashi halingojei mtu. Mama anapara magamba, anapasua, anatoa matumbo, anatia chumvi. Mikono yake imejaa maji na utelezi. Kama kisu chake ni butu, anasukuma kwa nguvu. Kisu kinateleza juu ya magamba, na kidole kiko mbele yake. Siku ile kazi imekwisha. Baba naye akijikata nyumbani siku ya mapumziko, kesho yake atashika spana namna gani?

Ndiyo maana tunasema: kisu butu kina hatari kuliko kisu kikali. Kisu kikali kinakwenda pale unapokituma, bila nguvu nyingi. Kisu butu kinakwenda pale kinapotaka chenyewe.

HESABU YA KISU

Wengi wanasema: «Franka zangu ni kidogo, nachukua kile cha bei ndogo.» Basi tufanye hesabu pamoja. Tuseme kisu kimoja kinauzwa franka 4 000. Baada ya miezi 3 mpini unalegea, makali hayashiki tena, na unanunua kingine. Kwa mwaka ni visu 4, yaani franka 16 000. Kwa miaka 5 ni franka 80 000. Tuseme kingine kinauzwa franka 20 000, lakini kinakaa miaka 5. Nani amenunua kwa bei ndogo?

Lakini bei kubwa peke yake si ushahidi. Kisu kibaya kinaweza kuuzwa kwa bei kubwa pia. Ni lazima macho yako na mikono yako vijue kuchagua.

CHUMA KINATUAMBIA NINI

Sisi watu wa Katanga tunajua shaba. Wazee wetu waliiyeyusha na kufanya misalaba ya shaba iliyotumika kama feza, miaka mamia kabla ya kampani kufika. Lakini shaba ni laini. Kwa visu, mashoka na majembe walitafuta chuma. Kwa Waluba, kazi ya muhunzi iliheshimiwa hata ikaunganishwa na habari za wafalme.

Chuma nacho ni cha namna nyingi. Chuma cha bati au cha pipa la mafuta hakina kaboni ya kutosha, na makali yake yanajikunja upesi. Chuma cha kisu kizuri mara nyingi kina kaboni kati ya nusu na 1 kwa mia. Kimetiwa motoni, kikapozwa kwa ghafla ili kiwe kigumu, kisha kikapashwa tena kidogo ili kisivunjike kama chupa.

Chuma kisichoshika kutu kimechanganywa na kromu. Mwaka 1913 Harry Brearley alifanya chuma cha namna hiyo katika mji wa Sheffield, Uingereza, na mafundi wa visu wakakichukua. Leo visu vingi sokoni vina neno «inox». Neno hilo linasema kwamba kisu hakishiki kutu upesi. Halisemi kwamba kinakata. Jina la mji mkubwa nalo lisikudanganye. Solingen, mji wa visu wa Ujerumani, unalinda jina lake kwa sheria tangu mwaka 1938, sababu watu wengi walipenda kuliandika juu ya visu visivyotoka kule.

MBELE YA KUTOA FEZA

1. Inua kisu mbele ya jicho na tazama makali kutoka mpini mpaka ncha. Yawe sawa, bila kupinda wala mapengo.

2. Tazama mpini. Chuma kikipita ndani ya mpini mpaka mwisho, na kikifungwa kwa ribiti 2 au 3, ni vizuri. Kama chuma kinaingia kidogo tu kama msumari, siku moja kitachomoka. Tazama pia nafasi kati ya chuma na mpini: damu ya samaki na uchafu vinaingia pale na kuoza.

3. Shika kisu kana kwamba unakata. Mpini ujaze mkono, usiwe mwororo kama kioo, na pawe na kizuizi cha kuzuia vidole visiteleze kwenye makali.

4. Kwa ruhusa ya mwuzaji, weka ncha juu ya ubao na bonyeza polepole. Bapa lipinde kidogo na kurudi sawa. Likibaki limepinda, chuma ni laini.

5. Chukua sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa. Kama haishiki kabisa, huenda chuma hicho ni cha namna ya vijiko: hakiwezi kufanywa kigumu. Sumaku ikishika, bado si ushahidi wa uzuri, lakini umeondoa shaka moja.

Msidharau muhunzi wa kwetu. Kisu kilichofuliwa vizuri kutoka springi ya kamio kinaweza kupita cha dukani, maana chuma cha springi kina kaboni ya kutosha. Muulize fundi ametumia chuma gani. Kitashika kutu kama hukikaushi, lakini kitanoleka vizuri.

Kataa kisu kilichofanywa na meno ya msumeno wa chuma. Ni kikali, lakini kinaweza kuvunjika na kipande kuruka machoni. Tena, baba, usilete nyumbani kisu cha kazi. Kimegusa vumbi la mawe, grisi na pengine asidi. Hakifai kukata chakula cha watoto.

KULINDA KISU

Kata juu ya ubao, si juu ya sahani wala jiwe. Baada ya samaki wa chumvi, osha na kausha mara moja. Usikiache ndani ya beseni lenye povu, maana anayeosha vyombo hakioni. Kikianguka, kiache kianguke, rudisha miguu. Kiweke mahali ambapo watoto hawafiki.

Kinoe juu ya jiwe lenye maji, polepole. Ninyi mnaofanya kazi kwenye atelie, msikipeleke kwenye mashini ya kunolea. Moto wa mashini ukifanya makali kuwa ya buluu, ugumu umetoka. Kisu cha franka 20 000 kimekuwa bati kwa dakika moja.

UKIJIKATA

Bonyeza kidonda kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kufungua, na inua mkono juu. Damu ikisimama, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha funga. Usitie majivu, udongo, mazuti wala unga wa kahawa. Nenda dispanseri haraka kama damu haisimami, kama kidonda ni kirefu, kama kidole hakijikunji au hakisikii kitu. Ukichomwa na mwiba au kisu cha samaki, mkono ukavimba na kuuma, usingoje. Uliza pia munganga juu ya chanjo ya pepopunda: ugonjwa ule unaweza kuingia hata kwa kidonda kidogo, nao unaua.

Sasa, kabla ya kwenda sokoni siku ya mshahara, toa visu vyote vya nyumba na uvitazame. Pengine kimoja, kile cha zamani ulichokidharau, kina chuma kizuri na mpini imara, nacho kinangojea jiwe tu. Hicho kitakuwa kisu cha bei nzuri kupita vyote, maana umekwisha kukilipa.